Chakula cha Njiani na Jina la Mahali

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wafanyabiashara wa kando ya barabara kuu, Segera



Nimepewa dakika 20 na mada yenye jina la kiofisi, "huduma kwa wasafiri". Kwa ruhusa yenu nitaisema kwa lugha ya hapa barabarani. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha, kabla hajafunga begi lake huwa ameshapokea maagizo. Jirani amemwambia, "Ukifika Michungwani nichukulie machungwa." Akiwa anarudi kutoka kaskazini, dada yake anampigia simu hata kabla hajaimaliza Same: "Mombo usilale, niletee peasi na plamu." Yasikilizeni vizuri maagizo hayo. Hakuna anayesema, "Ninunulie machungwa popote utakapoyaona." Machungwa yapo Kariakoo, yapo Mabibo, na huenda yalitoka katika mashamba yaya haya. Mwagizaji anataja mahali. Analipia tunda na analipia jina la mahali lilikotoka, na jina hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa kuwa ni mali yenu nyote kwa pamoja na ni mali inayoweza kupotea.

Nchi yetu ina mahali pengi palipopata sifa kwa njia hiyo. Anayepita barabara ya Iringa anajua vitunguu ni Ruaha Mbuyuni. Anayetafuta mahindi anaijua Kibaigwa. Aliyefika Singida akarudi bila kuku wa kienyeji au dumu la mafuta ya alizeti, nyumbani ataulizwa kama kweli alifika. Sifa hizo hazikuandikwa na ofisi yoyote. Zilitengenezwa na wasafiri waliokula, wakaridhika, wakasimulia. Na hapa kwetu jina lenyewe la Michungwani linautaja mti. Mgeni hahitaji kuelezwa zaidi.

Biashara ya kumlisha mpita njia si ngeni katika bonde hili. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Pangani ikalifuata bonde la mto kuelekea Kilimanjaro, na kila mpagazi alihitaji posho yake, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Msafara haukubeba chakula cha safari nzima, ulikinunua njiani. Semboja, mtawala wa ukoo wa Kilindi, aliliona jambo hilo mapema. Wakati makao makuu ya ufalme wa Wasambaa yalikuwa juu mlimani Vuga, yeye aliweka makazi yake chini Mazinde, penye njia ya misafara, na Mazinde ikampa nguvu iliyoushinda mlima. Baadaye likaja gari moshi la Wajerumani kutoka Tanga, likafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na chakula kikahamia madirishani mwa mabehewa. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporejea Desemba 2019, baada ya kusimama miaka mingi, wauzaji wa stesheni walirudi pia. Njia hubadilika, na mwenye beseni huifuata.

Sasa tutazame alichonacho msafiri wa leo. Akivuka kuingia wilaya yetu kutoka upande wa Chalinze anakutana na Mkata, ambapo barabara ya lami ya kilomita 54 inashuka kutoka Handeni mjini. Barabara hiyo, pamoja na ile ya kilomita 65 inayotoka Handeni kwenda Korogwe, ndizo zilizoyaleta mazao ya ndani kwenye barabara kuu. Wenye umri wanakumbuka miaka ambayo gunia la mahindi lilisubiri mvua ikatike ndipo litoke shambani. Siku hizi mahindi, mihogo, asali na mbuzi wa Handeni wana milango miwili ya kutokea. Mbele ya Mkata ipo Kabuku, halafu Michungwani, halafu sisi hapa Segera, penye njia panda ya kwenda Tanga na kwenda Arusha. Anayeshika mkono wa kushoto anafika Korogwe, mji wa stendi na wa katani, kisha Mombo, ambako barabara ya Lushoto inateremka na matunda ya nchi ya baridi, na ambako mabasi mengi ya kaskazini husimama ili watu wale. Wenzetu wa Mombo wana mchele wa skimu yao na mboga za Usambara. Sisi tuna machungwa na njia panda. Hatuna sababu ya kuoneana wivu, maana msafiri mmoja anaweza kununua kote kuwili, ilimradi kila mahali akikute kile alichokifuata.

Nianze na machungwa, maana hapo ndipo penye neno kubwa.

Msafiri aliyelelewa mjini, na zaidi mgeni wa kutoka nje, amezoea kuyaona machungwa ya rangi ya manjano iliyoiva kwenye picha na kwenye boksi za madukani. Anapoliona chungwa la Handeni lenye ganda la kijani anadhani ni bichi. Wauzaji wengi humjibu kwa kuapa. Kiapo hakimsaidii mtu asiyekufahamu; maelezo humsaidia. Chungwa hupoteza ukijani wa ganda linapopata usiku wa baridi wakati wa kukomaa. Kwetu usiku una joto, kwa hiyo tunda linaiva ndani, linajaa maji na sukari, huku ganda limebaki kijani. Mwambie hivyo, umkatie moja aonje, naye atakwenda kuwaeleza wengine. Ukimwuzia siku hiyo hiyo chungwa lililochumwa kweli kabla ya wakati, kwa sababu bei ya mwanzo wa msimu ni nzuri, umemfundisha kwamba dhana yake ilikuwa sahihi. Mwaka unaofuata atapita hapa dirisha limefungwa.

Lipo jingine, na mnisamehe nikilisema wazi mbele ya wazee. Neti ya machungwa ina juu na ina chini. Juu huonekana matunda makubwa yenye kung'aa. Chini hukaa madogo, yaliyobonyea, na mara nyingine moja au mawili yenye ukungu ambayo kabla basi halijafika Chalinze yameshawaambukiza wenzao. Mnunuzi hafungui neti ndani ya basi. Anaifungua nyumbani, mbele ya yule jirani aliyemwagiza. Fedheha anayoipata pale hamkumbuki muuzaji, maana hakumjua jina. Analitaja jina la mahali: "Machungwa ya Michungwani siku hizi yameharibika." Mtu mmoja amepata faida ya shilingi mia chache kwa neti moja, na kijiji kizima kimelipa. Nasema hivi bila kumnyooshea mtu kidole, kwa kuwa naamini kila aliyeketi hapa ameshawahi kuumizwa na mwenzake wa namna hiyo.

Ofisi yetu haiwezi kuweka mgambo juu ya kila neti. Wanaoweza ni ninyi. Vikundi vya wauzaji vinaweza kukubaliana idadi ya matunda kwa neti ndogo na kwa neti kubwa, vikaweka kibanda kimoja mahali ambapo mnunuzi anaruhusiwa kumwaga na kuhesabu, na vikamtenga kwa muda anayekiuka. Tusisahau na kisu. Chungwa linalomenywa kwa ajili ya kuliwa papo hapo linataka kisu kilichooshwa kwa maji safi na mikono iliyonawa, kwa sababu msafiri akiugua tumbo katikati ya safari, hoja nyingine zote hazina thamani.

Kuhusu asali nitasema machache lakini yashikeni. Asali ya Handeni ina wapenzi wake, na kwa sababu ina wapenzi ina wachakachuaji. Wapo wanaoongeza maji ya sukari. Wapo wasioongeza kitu, ila wanarina kabla masega hayajafungwa na nyuki, hivyo asali inabaki na maji mengi, inachacha, na chupa inafura ndani ya gari la mtu. Kiwango kinachotumika kimataifa ni kwamba maji katika asali yasizidi asilimia 20, na nyuki wenyewe ndio wanaojua wakati: wakishaziba sega, asali imekauka vya kutosha. Kwa upande mwingine, mteja akirudi akilalamika kwamba asali imeganda kama samli, msigombane naye. Kuganda si dalili ya ulaghai. Asali halisi nyingi huganda. Mwelezeni aiweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Na anayetaka kutoka kwenye chupa za maji zilizotumika aende kwenye chupa yenye lebo, aanzie SIDO. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango, TBS, na mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO hupewa unafuu wa gharama za kuipata alama ya ubora. Njia hiyo ipo wazi, na nashangaa ni wachache tu wanaoifuata.

Chakula kilichopikwa nacho nina dukuduku nacho. Abiria anaondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, amekula chipsi mayai. Anashuka njiani kuchimba dawa, anaangaza macho, anaona chipsi mayai. Anafika mwisho wa safari, chipsi mayai. Hivi katika nchi ya Wazigua, Wabondei na Wasambaa, bada la muhogo kwa kisamvu kilichoungwa nazi limekosa nini? Mihogo iko hapa, nazi ziko Muheza na Pangani, viungo viko milima ya Amani. Kila siku nawasikia watu wa Tanga wanaoishi mbali wakililia bada, nao wanapita hapa hapa wakitutazama kwa dirisha. Sisemi muache chipsi. Nasema sufuria moja ya chakula cha kwetu, kilichofunikwa vizuri na chenye bei iliyoandikwa, ijaribiwe Desemba, wakati ndugu zetu Wachaga na Wapare wanapanda kwenda nyumbani kwa wingi na barabara haina usingizi.

Nimetaja bei iliyoandikwa kwa makusudi. Mtu wa ndani ya basi ana dakika mbili. Hana muda wa kubishana, na akihisi anapandishiwa bei kwa sababu ya lafudhi yake au gari lake, ananyamaza na kuondoka. Vipimo ni vivyo hivyo. Sado, lile kopo la rangi la lita 4 lililogeuka kuwa kipimo cha taifa, lina mabingwa wa kulibonyeza kitako. Lumbesa nayo inamwumiza mkulima kabla haijamfikia msafiri, ndiyo maana sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Wazee wa misafara walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Nao walibishana, sina shaka, lakini kila upande ulijua unabishania kitu gani. Mizani ya kawaida ya kuning'iniza haina gharama ya kushinda kikundi cha watu 10, na Wakala wa Vipimo huihakiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwenyekiti alinisisitiza nisiondoke bila kulitamka.

Basi likipunguza mwendo kwenye kibao cha 50 au kwenye matuta, vijana wanaanza kukimbia nalo, sinia kichwani, mkono mmoja dirishani. Pesa hupokelewa wakati gurudumu linazunguka. Chenji hurushwa. Baadhi ya wanaokimbia ni watoto ambao saa hiyo walipaswa kuwa darasani. Kila mmoja wenu anajua nani ameumia na wapi, sitataja. Nitasema tu kwamba hakuna neti ya machungwa inayostahili mguu wa mtoto, na kwamba mzazi anayepokea mauzo ya jioni kutoka kwa mtoto wa darasa la nne anajua fedha ile imetoka mbele ya magurudumu.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeifanya hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya eneo hilo kibanda hakina ulinzi, hata kama kimesimama miaka mingi. Wengine mmeona alama ya X nyekundu na mkadhani ni chuki ya mtu. Hifadhi ile ni nafasi ya gari lililopoteza breki. Kwa sababu hiyo eneo la kuuzia linapaswa kuwa nje ya hifadhi, lenye mahali pa basi kuingia na kusimama kabisa, lenye choo, maji na mapipa ya taka. Mtaniuliza: mabasi yataingia? Dereva huingia penye abiria wanaotaka kuingia, na abiria hutaka kuingia penye choo safi. Naomba msicheke. Vituo vingi vya chakula vinavyofanikiwa katika barabara hii vilianza kwa choo, pilau ikafuata.

Hili limekuwa la haraka zaidi tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Wengi wenu mnasema mauzo ya mchana yamepungua. Sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya wateja wenu sasa wanapita hapa saa 6 au saa 8 usiku, wamelala, na nje wanaona giza. Kumkimbilia mtu gizani ni hatari kwa anayekimbia, na ni tisho kwa aliye ndani ya basi. Eneo lenye taa, lenye watu wanaojulikana kwa majina na namba za kikundi, ndilo litakalomshusha abiria wa usiku. Kwa kina mama hasa, biashara ya usiku bila taa na bila ulinzi isianze.

Wajapani wana mfano unaofaa kutazamwa. Tangu mwaka 1993 wamekuwa wakisajili vituo vya barabarani vinavyoitwa "michi-no-eki", na leo vimezidi 1,000 nchi nzima. Kila kituo kina maegesho, choo kilicho wazi saa 24, na soko la mazao ya eneo lile. Kinachonivutia ni kitu kidogo: katika vituo vingi, fungu la mboga hubandikwa jina la mkulima aliyelilima, na mara nyingine picha yake. Mnunuzi akiridhika, safari ijayo anamtafuta mtu yule yule. Hatuhitaji fedha za Japani ili kuandika jina la kikundi na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye neti. Tayari wapo msafiri na dereva wanaopiga simu kutoka Same kumwambia mama fulani aandae neti tano. Mama huyo hakimbii na basi.

Kwa wanaonunua, na najua jarida letu husomwa na wasafiri pia, nieleze mambo matatu ambayo huleta ugomvi vizuizini. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, mzigo wa mazao usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Mwenye neti zake nne na gunia la mahindi asisumbuliwe, na akisumbuliwa adai stakabadhi na jina la anayemtoza. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo beba kikapu chako, au ununue hapa hapa cha ukindu. Mkaa nao una taratibu zake: unahitaji kibali na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, na gunia lisilo na hati linaweza kukamatwa likiwa juu ya gari lako hata kama ulilinunua kwa nia njema. Mimi binafsi ningependa Handeni ijulikane kwa asali kuliko mkaa, maana mti mmoja hauwezi kutoa vyote viwili.

Upande wa Halmashauri una deni lake, na mna haki ya kulidai. Anayelipa ushuru wa eneo anapaswa kuona jalala linazolewa na choo kina maji. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, na imerejeshwa mwaka 2024 kwa uhakiki mkali zaidi wa vikundi. Nimeona maombi ya kununua bodaboda kwa wingi. Sijaona mengi ya mizani, taa za sola, meza za kuuzia na matenki ya maji, ingawa kwa barabara hii ndiyo yangerejesha mkopo upesi.

Kikundi kinachotaka kuomba kiende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kikiwa na katiba yake, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki. Anayetaka kujua kama kibanda chake kimo ndani ya mita 30 asipime kwa hatua za miguu. Mtendaji wa Kata atapokea majina leo, kisha waitwe wataalamu wa barabara wapime mbele yenu. Masuala ya mizani na neti tuyaamue wenyewe kabla msimu wa machungwa haujashika kasi, na ninapendekeza kila kitongoji kitoe watu wawili, mmoja wao awe mwanamke. Sasa naomba maswali, nikianza na yule mama aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja chipsi.